Mtaji wa Kujuana

Msomaji, ukiingia katika duka dogo lolote la soko la Muhoroni, ukaona mizani juu ya meza, magunia ya mchele na sukari yameegemezwa ukutani, na mwenye duka akiandika deni la jirani yake katika daftari lililochakaa, yamkini utadhani kwamba duka hilo lilisimamishwa kwa fedha tu. Fedha ilikuwapo, bila shaka. Lakini ukimwuliza mwenyewe kwa adabu jinsi alivyoanza, mara nyingi hatakutajia fedha kwanza, atakutajia watu. Atakwambia ni nani aliyemjulisha kwa mwenye duka la jumla mjini Kisumu, ni nani aliyemdhamini alipokuwa hana kitu, na ni nani aliyemletea wanunuzi wa kwanza. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee. Lakini mkono mtupu ulioshikwa na mkono wa mwingine huweza kushika mali.

Katika insha hii nataka tuitazame habari ya mtaji huo usiotiwa katika mfuko, yaani mtaji wa kujuana. Najua kwamba neno hili lina sifa mbaya nchini Kenya. Mtu akikosa kazi aliyostahili husema, "Ni mambo ya kujuana," na kila anayemsikia huelewa kwamba mlango umefungwa kwa mwenye haki ukafunguliwa kwa mwenye jamaa. Je, kujuana ni neema au ni dhuluma? Jibu sitalitoa sasa. Twende kwanza tukalitafute katika historia ya nchi hii iliyo kandokando ya reli, kutoka Fort Ternan mpaka ziwani, kwa maana hapo mambo yote mawili yametendeka mbele ya macho ya watu.

Muhoroni iko upande wa mashariki wa Kisumu, mahali ambapo uwanda wa Kano unakoma na ardhi inaanza kupanda kuelekea Koru na Fort Ternan. Kaskazini umesimama ukuta wa vilima vya Nandi, na mto Nyando hutelemka kutoka nchi za juu ukielekea ziwani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilipita hapa, ikafika ufuko wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, katika bandari iliyoitwa wakati huo Port Florence, nayo ndiyo Kisumu. Kila stesheni ya njia hiyo, kubwa kwa ndogo, ilivuta maduka kama taa inavyovuta kumbikumbi. Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos ni majina ya stesheni za njia hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba wenye maduka hayo ya Kihindi walikuwa wale vibarua waliotandika reli. Sivyo. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa zaidi ya 30,000, na wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wachache waliobaki waliingia katika ufundi, katika kazi za reli na katika kilimo. Wafanyabiashara walio wengi walikuja kwa njia yao wenyewe, kutoka Kutch na Gujarat, wakifuata ndugu au jirani aliyetangulia. Kwa hiyo hata kabla ya kuuza jora moja la marekani, mfanyabiashara huyo alikuwa tayari anaishi kwa kujuana: alijua atafikia kwa nani, atalala wapi, na nani atampa kazi.

Mfano ulio mkubwa kupita yote ni ule wa Allidina Visram. Mtu huyu alizaliwa Kutch mwaka wa 1851, akavuka bahari mwaka wa 1863 akiwa kijana wa miaka 12, asiye na mali. Alifikia Bagamoyo, akaajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akitayarisha misafara ya kwenda bara. Hapo kijana alijifunza bei ya chumvi, shanga, nguo na nyaya za shaba. Lakini zaidi ya hayo alijifunza watu. Alijua wapagazi, alijua viongozi wa misafara, alijua ni nani hulipa na ni nani hukawia. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Allidina Visram alikuwa ndiye mtu wa kuiendeleza kazi ile. Reli ilipoanza kupanda bara, naye alipanda pamoja nayo, akifungua maduka kandokando ya njia, akavuka ziwa mpaka Uganda, ambako biashara yake ilienea katika ngozi, ufuta, pamba na vyombo vya majini.

Jiulize, msomaji: mtu mmoja awezaje kuwa na maduka mengi hivyo, katika nchi isiyo na simu, ambapo barua ilikwenda kwa miguu siku kadhaa? Hakuweza kuyalinda yote kwa macho yake. Aliyalinda kwa uaminifu wa watu. Aliwapokea vijana waliotoka kwao, akawaweka kuwa makarani, akawafundisha kazi. Kijana aliyeonyesha uaminifu aliweza kupewa bidhaa akajitegemee, si kwa fedha taslimu, bali kwa mali kauli. Maana ya mali kauli ni hii: mwenye ghala hukupa bidhaa leo kwa neno lako tu, ukauze, kisha urudi na fedha yake, ubaki na faida yako. Ukirudi siku uliyoahidi, safari ya pili utapewa mara mbili. Usiporudi, habari zitakutangulia kila duka la njia ile, wala hutapata mtu wa kukupa hata kibaba cha chumvi. Wahenga walisema, "Kopa ulipe upate kukopa tena." Sheria hiyo haikuandikwa na serikali yoyote, lakini ndiyo iliyoendesha maduka ya nchi nzima.

Tazama sasa jinsi mnyororo huu ulivyofanya kazi. Tufanye mfano wa mwenye duka dogo katika stesheni ya Muhoroni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mkulima humletea ngozi na ufuta. Yeye humpa nguo, chumvi na taa. Ngozi na ufuta huvipeleka Kisumu kwa mwenye ghala aliyempa mali kauli; mwenye ghala huvipeleka Mombasa kwa tajiri aliyempa yeye; na tajiri wa Mombasa huvipakia melini. Kila mtu katika mnyororo anamdai mmoja na anadaiwa na mwingine. Kila mtu amemjulisha mtu kwa mtu. Anayejulisha wawili wakafaidiana hapungukiwi na kitu. Bali wote wawili humkumbuka, na safari nyingine humwanzia yeye. Hii ndiyo siri ya Allidina Visram: alikuza biashara yake kwa kukuza biashara za wengine, kwa maana kila duka dogo lililosimama kwa msaada wake lilikuwa mnunuzi wake.

Hata hivyo mnyororo huo ulikuwa na kasoro mbili, nazo yafaa kuzitaja bila kuficha.

Kasoro ya kwanza ni kwamba ulining'inia juu ya mtu mmoja. Allidina Visram alifariki mwaka wa 1916, na haukupita muda mrefu biashara yake kubwa ikasambaratika. Jina lake lilibaki katika shule ya sekondari ya Mombasa inayoitwa kwa jina hilo hata leo, lakini maduka hayakubaki. Uaminifu uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja haukurithika kama nyumba inavyorithiwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mnyororo ulikuwa na mlango, na mlango huo ulifunguka kwa wachache. Mhindi mgeni aliyeshuka melini jana aliweza kupewa mali kauli leo, kwa kuwa alikuwa na mjomba wa kumdhamini. Mwafrika aliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka dukani, anayejua kila mnunuzi kwa jina, hakupewa. Wala si desturi peke yake iliyomzuia. Sheria za kikoloni ziliweka mipaka juu ya mkopo ambao mfanyabiashara angeweza kumpa Mwafrika na kuudai mahakamani. Watawala walisema kwamba nia yao ni kumlinda asizame katika deni. Lakini asiyeruhusiwa kuzama haruhusiwi kuogelea pia.

Haki tuwatendee Wahindi nao, kwa maana wao pia walifungiwa mlango. Serikali ya kikoloni iliitenga nchi ya juu, kati ya Kiu na Fort Ternan, iwe ya Wazungu. Muhoroni iko chini kidogo tu ya mpaka huo. Ndiyo sababu Wahindi waliotaka kulima walielekea uwanda ulio chini yake. Mwaka wa 1903 makazi ya wakulima wa Kihindi yalianzishwa Kibos, na baadaye mashamba ya miwa na vinu vya sukari guru vilienea katika uwanda huo. Mwaka wa 1922 kiwanda cha sukari kilianza Miwani, mahali ambapo jina lenyewe latukumbusha miwa. Basi nchi yetu hii ilikuwa kama ngazi ya milango: kila mtu alikuwa na mlango uliofungwa juu yake, na wengi wakawafungia walio chini yao.

Katika hali hiyo alitokea mwalimu mmoja wa Nyanza aliyetaka kujenga mnyororo mwingine. Huyu ni Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo, aliyesoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akarudi kufundisha Maseno. Wengi mnamjua kwa siasa, kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya huru. Lakini kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, alikuwa mfanyabiashara, tena mfanyabiashara wa namna ya pekee.

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, Odinga na rafiki zake, walimu kwa sehemu kubwa, walianzisha chama kidogo cha kuweka akiba huko Bondo. Waliona kwamba mshahara wa mtu mmoja haufanyi kitu, lakini mishahara ya wengi, ikikatwa kidogo kidogo, huweza kujenga nyumba. Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo kibaba cha walimu wachache hakikutosha, wakaamua kuupanua mduara. Mwaka wa 1947 chama hicho kilikuwa kimekua kuwa shirika la akiba na biashara la Wajaluo wote, likajulikana kwa jina fupi la LUTATCO. Odinga aliacha kazi ya ualimu, kazi yenye heshima na mshahara wa hakika, akaenda kuuza hisa.

Fikiri, wewe kijana, ugumu wa kazi hiyo. Hakuwa na benki ya kumwamini. Hakuwa na tajiri wa Mombasa wa kumpa mali kauli. Bidhaa yake ilikuwa karatasi na neno lake. Wanunuzi wake walikuwa makarani, vibarua, polisi na wapishi waliotawanyika kutafuta kazi: katika reli, katika bandari ya Mombasa, katika mashamba ya chai ya Kericho na ya miwa ya Miwani, katika miji ya Uganda na Tanganyika. Shilingi ya mtu kama huyo ina jasho, nayo haitoki mfukoni kwa tangazo. Hutoka kwa kuonana uso kwa uso.

Basi alisafiri. Alikwenda walipo watu wake katika Kenya, Uganda na Tanganyika, akahudhuria mikutano yao, akala chakula chao, akasikiliza shida zao kabla ya kueleza yake. Katika miji mingi palikuwa na matawi ya Luo Union, chama kilichowakutanisha Wajaluo walio mbali na kwao, na hapo ndipo alipopata masikio. Mtu wa Bondo alimjulisha kwa mtu wa Gem, mtu wa Gem akamjulisha kwa mtu wa Kano. Tena haikuwa yeye peke yake aliyefaidika na safari zile. Kila alipopita, watu wa ukoo mmoja waliokuwa hawajaonana kwa miaka walikutanishwa, habari za nyumbani zilifika, na wenye shida walijua wamwendee nani. Alikuwa mfanyabiashara, na papo hapo alikuwa daraja. Haikuwa ajabu kwamba katika miaka ya 1950 Luo Union walimchagua kuwa Ker, yaani mkuu wao.

Fedha zilizokusanywa zilifanya kazi ya kuonekana. Shirika lilijenga, likafanya biashara, na mjini Kisumu likasimamisha jengo la Ramogi, kwa jina la babu mkuu wa Wajaluo, ili watu waone kwa macho yao kwamba Mwafrika aweza kumiliki jengo katika mji ambao maduka yake makubwa yalikuwa ya wengine. Lilinunua pia mtambo wa kuchapa, na pamoja na Achieng Oneko likatoa gazeti la Ramogi. Hapa nataka utulie kidogo, msomaji, kwa maana kuna jambo la kujifunza. Kiwanda hicho cha kuchapa hakikufanya kazi ya Wajaluo peke yao. Kilichapa pia magazeti ya Waafrika wa makabila mengine, ambao nao walikuwa na maneno ya kusema na hawakuwa na mahali pa kuyachapa. Shirika lililoanza kama undugu wa kabila moja likawa njia ya watu wasiojuana kusomana. Hapo kujuana kulivuka ukoo.

Je, shirika lilifanikiwa? Tukipima kwa shilingi, jibu si la furaha. Mtambo wa kuchapa ulikuwa mzigo mzito kwa shirika changa. Wanahisa walikuwa wengi, wadogo, na mbali. Kila mmoja alitaka kujua fedha yake iko wapi, na kuwajibu wote ilikuwa kazi kubwa. Uaminifu ulitangulia sana, na hesabu zikabaki nyuma zikipumua kwa shida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, Achieng Oneko akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao, na magazeti ya Kiafrika yakapata dhiki kubwa. Nguvu za Odinga mwenyewe zikazidi kuhamia katika siasa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 moto wa kwanza ulikuwa umepungua.

Lakini Odinga mwenyewe, katika kitabu chake Not Yet Uhuru kilichotoka mwaka wa 1967, hakuipima kazi ile kwa faida peke yake. Alitaka watu wake waamini kwamba wanaweza. Kwa kipimo hicho hakushindwa. Watu waliojifunza kukusanyika kwa ajili ya hisa walijua kukusanyika kwa ajili ya shule, kwa ajili ya kura, na kwa ajili ya uhuru. Mtaji wa fedha ulipungua, mtaji wa kujuana ukabaki, nao ukanunua kitu kingine.

Sasa turudi Muhoroni. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, mashamba makubwa ya sehemu hizi yalianza kugawanywa, na watu waliotoka mahali mbalimbali wakapewa vipande vya ardhi walime miwa. Mwaka wa 1966 kiwanda cha sukari kilianza kazi Muhoroni, na miaka miwili baadaye cha Chemelil. Huu ulikuwa mnyororo wa tatu, tena mkali kuliko yote, kwa sababu ya tabia ya muwa wenyewe. Mahindi yaweza kukaa ghalani, muwa hauwezi. Ukikatwa, sukari yake huanza kupotea siku hiyo hiyo. Basi mkulima hana budi kuaminiana na mkataji, mkataji na mwenye trekta, mwenye trekta na mizani ya kiwanda, na wote na yule anayelipa. Ndipo wakulima walipojiunga katika vyama vya ushirika, kwa kuwa mkulima mmoja mlangoni pa kiwanda ni mwombaji, bali wakulima elfu ni washirika.

Wakati huo huo mnyororo wa kale ulikuwa ukikatika. Mwaka wa 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi na katika bidhaa kadhaa. Wahindi wengi wenye maduka katika miji midogo walifunga, wakaenda. Wako waliosema kwamba hiyo ni haki iliyochelewa, na wako waliosema kwamba ni uonevu mpya. Mimi nakuomba uone jambo moja tu. Laiti mali kauli ingalitolewa mapema kwa jirani Mwafrika kama ilivyotolewa kwa mpwa kutoka Kutch, yawezekana duka lile lingalikuwa na watetezi wengi mtaani siku sheria ilipokuja. Anayejuana na watu wake tu huwa mgeni kwa wengine wote, hata akiishi nao miaka 60.

Wala usidhani kwamba somo hilo ni la Wahindi peke yao. Muhoroni iko mahali pa mpaka, ambapo Mjaluo, Mnandi, Mkipsigisi, Mluhya na Mkisii hukutana sokoni. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Miteitei, upande wa Tinderet, si mbali na hapa, kisha yakaenea katika sehemu nyingine za nchi. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, maelfu walihama. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa na miwa, wakikopeshana na kulipana, waligawanywa kwa swali moja la kabila. Siku kama hiyo ndipo ijulikanapo kama kujuana kwetu kulikuwa na mizizi au kulikuwa majani tu.

Na kiwanda nacho kina somo lake. Mwaka wa 2001 kiwanda cha Muhoroni kiliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Mkulima asipolipwa miwa yake, si yeye peke yake anayelia. Mwenye duka aliyemkopesha sukari na sabuni hulia. Mwenye ghala wa Kisumu aliyemkopesha mwenye duka hulia. Na mtoto hurudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya karo, na pengine mtoto huyo ni wewe usomaye. Mnyororo uletao neema kwa wote huleta njaa kwa wote pete moja inapokatika. Kwa hiyo uaminifu wa mkubwa si hiari yake mwenyewe. Ni mali ya walio chini yake.

Nilikuahidi jibu, nalo ni hili. Kujuana ni kwa namna mbili. Kuna kujuana kunakofungua mlango, na kuna kujuana kunakofunga. Zote mbili huanza kwa namna moja, kwa salamu, kwa udugu, kwa chakula cha pamoja. Ndiyo sababu watu huzichanganya. Ukitaka kuzitenga, tazama mambo matatu. Kwanza, tazama kama aliyejulishwa anaruhusiwa kumjulisha mwingine, au kama mlango hufungwa nyuma yake. Pili, tazama kama ahadi huandikwa na hesabu huonyeshwa, kwa maana undugu usiotaka daftari huficha kitu. Tatu, tazama kama asiye wa ukoo, akiwa mwaminifu, hatimaye huingia. Allidina Visram alikuwa na la kwanza, akapungukiwa na la tatu. Shirika la Odinga lilikuwa na la kwanza, na katika kiwanda chake cha kuchapa likaligusa la tatu, lakini la pili lilililemea. Sijaona bado katika nchi hii mnyororo uliokuwa na yote matatu kwa muda mrefu. Pengine umebakizwa kwa ajili yenu.

Wewe uliye katika darasa la sekondari leo unao tayari mtaji huo, ingawa mfuko wako hauna kitu. Rafiki wa dawati lako mmoja atakuwa mwalimu, mwingine fundi, mwingine karani wa ushirika, mwingine mchuuzi wa samaki pwani ya ziwa. Anayehitaji fundi na fundi anayehitaji kazi huweza kuishi mtaa mmoja miaka kumi bila kujuana, kwa kukosa mtu mmoja tu wa kuwakutanisha. Kuwa mtu huyo. Usimwulize kwanza atakulipa nini. Lipa deni lako siku uliyotaja, hata likiwa la shilingi kumi, na andika ulichopokea hata kwa ndugu yako wa tumbo moja. Na siku utakapokuwa na duka, mpe mali kauli kijana mmoja mwaminifu ambaye si wa ukoo wako. Akirudi na fedha siku aliyoahidi, mtakuwa mmelitandika taruma la kwanza la reli mpya, nyinyi wawili.